Bikoni Chini ya Jaa

Watu wa Rodi Kopany bado wanasema ilikuwa bahati. Wakinikuta sokoni wananiita "yule wa mashine" na kuniuliza kama siku hizi natabiri mvua. Nawaacha wacheke. Bahati haikupiga magoti kwenye jaa siku nne ikisikiliza misumari. Mimi ndiye niliyepiga magoti, na yananiuma mpaka leo kukiwa na baridi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sijaolewa, jambo ambalo lilikuwa limeshawachosha watu wengi kuliko lilivyonichosha mimi. Nilikuwa nafanya kazi Migori, upande wa Nyatike, kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu, kwa mwanajiolojia mmoja aliyekuja na mashine mbili za kutafutia madini ardhini. Niliajiriwa kumpikia. Vijana wake walikuwa wanaipeleka mashine mbio kama wanaofagia uwanja wa shule. Ikilia wanachimba, na wakichimba wanatoa mkebe wa maziwa. Siku moja nilimwambia waziwazi kwamba vijana wake hawasikii. Akanivisha vile visikizi vya masikioni, nadhani alitaka kunikomoa, na mpaka jioni sikuwa nimechimbua mkebe hata mmoja. Maharagwe yake yaliungua siku hiyo. Hakunirudisha jikoni tena.

Ardhi ya machimbo ni chafu. Miaka mingi watu wameacha humo waya, reli, mikebe na kila aina ya msumari. Nilichojifunza ni kwamba sauti kubwa si sifa. Kipande cha bati kinapiga kelele kuliko kitu chochote, na kelele yake ni pana, inaanza kabla hujakifikia na bado inalia ukishapita. Msumari uliolala unalia mara mbili ukiufuata kwa urefu wake na mara moja ukiukata katikati, kwa hiyo ukitaka kuujua unauzunguka. Kifuniko cha soda ni mwongo. Kinaanza vizuri kama kitu cha maana, halafu sauti inakwaruza mwishoni, na ukiinua kidogo ile sahani inayopita juu ya udongo, kinanyamaza. Kitu kilichozama chini ni kipole, lakini ukiinua sahani hakikukimbii. Na kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, ambacho kiliizuia mashine isihangaike na chuma. Ukikizungusha, chuma kinabaki na mkwaruzo tu, na metali nyingine ndizo zinazolia sawasawa.

Yule bwana alipomaliza kazi yake na kuondoka, aliniachia mashine iliyokuwa kuukuu zaidi, mpini wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Haukupita muda, mama akaniita nyumbani.

Mama alikuwa na ploti sokoni Rodi, na mbele ya ploti hiyo alikuwa na hoteli yake ya chai na mandazi. Baba aliipata ploti hiyo zamani, mimi nikiwa bado mgongoni. Baba alipofariki, mashemeji walikuja kumwambia mama achague mmoja wao amrithi, kama ilivyo desturi. Mama akawapa chai, akawapa mandazi, na akawaambia hapana. Tangu siku hiyo walisema hawana ndugu pale. Kwa hiyo jirani yetu wa kando, mwenye kinu cha kusaga unga, alipoanza kuchimba mtaro wa msingi na kupanga mawe ya kwanza ya kuta ndani ya ploti yetu na kusema ndipo mpaka ulipo, hakuna mwanamume wa ukoo aliyekumbuka chochote.

Ploti inajulikana kwa bikoni, yaani alama ambayo mpimaji wa ardhi huzika kwenye kona. Bikoni yetu ya mbele ilikuwa inaonekana kando ya barabara. Ya nyuma ilikuwa imefunikwa na jaa. Soko zima lilikuwa limetupa taka hapo miaka yote hiyo, na mama mmoja angewezaje kulizuia soko? Mpimaji alitoka Homa Bay, akatafuta nusu saa huku ameziba pua, akasema haoni kitu. Chifu akaamua: bikoni isipopatikana kufikia siku ya soko ijayo, jirani ajenge. Angejenga, mama angebaki na hoteli bila mahali pa kuchimba choo kipya, kile cha zamani kikiwa kimejaa, wala pa kuweka kuni, na bila choo afisa wa afya angeifunga hoteli. Angebaki bila kitu.

"Baba yako aliniambia," mama alisema usiku niliofika. "Alikuwa hapo kitandani, akasema bikoni ya nyuma ni saba. Alisema kwa Kiswahili, vile tu mpimaji alimwambia. Saba."

"Hatua saba kutoka wapi?"

"Nyara, binti yangu, mtu anakufa. Ningemuuliza kutoka wapi?"

Jirani alikuwa ameshaisikia hiyo saba, na aliipenda sana. Hatua saba kutoka ukuta wa choo, alisema, na hatua zake saba zilimfikisha palepale alipotaka kujenga.

Nikaanza asubuhi. Bikoni ni chuma, nilijua hivyo kama kila mtu, kwa hiyo nilikiacha kile kitufe wazi mashine isikie kila kitu. Ilisikia kila kitu kweli. Nilipima hatua saba kutoka choo, saba kutoka hoteli, saba kutoka barabara, na kila mahali masikio yangu yalijaa makelele. Nilichimbua mnyororo wa baiskeli. Nilichimbua nusu ya jembe, spring'i za kiti cha gari, na jiko la makaa lililokuwa halina miguu. Vijana wa stendi walikuja kunitazama.

"Siz, hiyo ni stesheni gani?" mmoja aliuliza. "Weka ile ya rumba!"

"Kuja uskize," nilimwambia, nikamvisha visikizi. Akasikiliza kidogo, akavivua akisema kichwa chake kitapasuka. Hakunicheka tena siku hiyo.

Jirani alikuja siku ya pili, mikono nyuma. Hakusema nami. Alimwambia mama, "Mama, ambia huyu mtoto wako aache kuchezea takataka. Hiyo bikoni ilishaoza."

"Chuma inaweza oza, jaduong'," mama akajibu, akimwita mzee kwa Dholuo, bila kuacha kukanda unga. "Mpaka haiozi."

Nilimpenda mama sana wakati huo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuogopa. Siku ya tatu iliisha na sina kitu ila gunia la vyuma chakavu. Nikalibeba hadi kwa mzee aliyekuwa akinunua vyuma nyuma ya msikiti, mtu wa Pwani aliyeishi kwetu miaka mingi na ambaye Kiswahili chake kilitufanya sote tuone haya.

Akamwaga gunia, akapekua. "Shaba umepata?" akaniuliza.

"Sijahesabu," nikamjibu. "Lakini inapita saba. Ni kama ishirini hivi."

Mzee alicheka mpaka akaivua kofia yake na kujifutia macho. "Sha-ba, binti yangu! Shaba! Ile nyekundu ya bomba na waya. Miaka yote hii nawanunulia vyuma, na kila nikiuliza shaba mnanihesabia!"

Nami nilicheka, maana ni kweli. Sisi tunaoongea Dholuo, hiyo "sh" hututoka ikiwa "s" tupu, na tukiisikia kwa wengine mara nyingi tunaisikia vilevile. Nilicheka, kisha nikaikumbuka ile saba ya baba. Baba hakuwahi kuhesabu kwa Kiswahili maisha yake yote. Ng'ombe alihesabu kwa Dholuo, siku kwa Dholuo. Kama alitaka kumwambia mkewe saba, wakiwa wawili chumbani, angesema abiriyo.

Niliacha gunia hapohapo na kukimbia.

"Mama, alisema hatua saba, ama alisema saba tu?"

"Saba tu."

"Na nini kingine?"

Mama alifikiri. "Alisema nisiambie watu, wasije wakaing'oa."

"Nani anaweza kung'oa saba?"

Mama aliketi juu ya mfuko wa unga. Nilimwona akilirudia lile neno polepole mdomoni, mara mbili, mara tatu. Nilikuwa na hasira. Nilijikasirikia mimi, mwenye masikio ya kujisifia, kwa sababu nilikuwa nimesikiliza jaa siku tatu na sikuwa nimemsikiliza baba yangu. Labda mpimaji wa enzi hizo aliishiwa na vyuma, akazika kipande cha bomba la shaba na kumwonya baba kwamba wezi wa shaba wapo. Baba alilibeba lile neno miaka yote kama alivyolisikia.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Nilifika jaani jua likichomoza, nikakizungusha kile kitufe. Jaa lilinyamaza. Nilikaribia kulia. Siku tatu za makelele zilikwisha kwa kitufe kimoja, zikabaki sauti chache: sufuria, koki ya mfereji iliyovunjika, sarafu, na vifuniko vya soda na uongo wao. Nikaachana na hatua saba. Nilitembea polepole, sahani ikikaribia kugusa taka, kutoka choo hadi mtaro wa jirani uliolikata jaa katikati, kisha nikauvuka na kuendelea.

Hatua tano ng'ambo ya mtaro, nikaisikia. Ilikuwa ndogo, ya chini, ya duara. Nikitoka upande wa barabara ilikuwa safi. Nikitoka upande wa kinu ilikatikakatika kama mtu mwenye kwikwi.

Chifu alifika na jirani, na nyuma yao nusu ya soko. Nilichomoa visikizi ili wote wasikie.

"Inakatika," jirani akasema. "Hata mimi nasikia. Hiyo ni takataka. Na hapo ni kwangu, usichimbe."

Chifu alinitazama. Alikuwa mtu mwenye haki kiasi, lakini alitaka kwenda zake. "Binti, wacha hiyo maneno. Siku imefika."

"Siku haijaisha," nikamwambia. Sijui nilitoa wapi sauti ile. "Inakatika kwa sababu ya misumari iliyo kando yake. Mkinikuta nimesema uongo, mzee, nitamjengea huyu ukuta wake mimi mwenyewe, mawe nabeba kichwani. Lakini leo nachimba."

Sikungoja jibu. Nilipiga magoti na kutoa msumari wa kwanza kwa vidole, nikapitisha mashine. Bado ilikatika, lakini kidogo. Nikatoa wa pili. Nikatoa bawaba ya mlango, na misumari mingine sita iliyoshikana na kutu. Kila nikitoa kimoja nilipitisha mashine, na watu wakazidi kusogea karibu, maana sasa hata wao walikuwa wanasikia kwikwi ikipungua. Mwishowe sauti ikawa nzima. Niliijia kutoka pande zote nne na haikubadilika. Niliinua sahani shubiri nzima, na bado ilikuwepo.

Hapo ndipo nilipochukua jembe. Nilichimba hadi mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, nikagusa saruji. Katikati ya saruji lilisimama bomba dogo, la kijani kwa uzee. Chifu mwenyewe aliinama na kulikwangua kwa ufunguo wake. Likang'aa jekundu.

Nilipiga kelele. Sikulia wala sikuomba, nilipiga kelele tu, kama mwendawazimu, na mama akaja akikimbia na unga mikononi.

Mpimaji alirudi kutoka Homa Bay wiki iliyofuata, safari hii bila kuziba pua. Alivuta kamba kutoka kwenye bomba hadi bikoni ya barabarani, na watu wakaja kuangalia, mashemeji wakiwemo, wamesimama mbali kidogo. Kamba iliukuta mtaro wa jirani, na kuta alizokuwa ameshaanza kuinua, ndani kabisa ya ploti yetu. Lakini mstari ulikuwa umepinda kuliko tulivyodhani, na mbele, karibu na barabara, kamba ilipita juu ya jiko la mama. Jiko lile la udongo alikokaangia mandazi tangu awe mjane lilikuwa limeingia kwa jirani, urefu wa mguu mmoja wa mtu.

Mpimaji alikohoa. "Na hapa, mama, ni kidogo tu, mnaweza kuelewana..."

Jirani alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nije nyumbani.

Mama alilisogelea jiko. Alilitoa karai la mafuta motoni, akaliweka chini, akajifunga leso kiunoni na kuchukua sururu. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma kwa kiwiko. Akalipiga jiko lake. Udongo ulianguka na masizi yake, makaa yakatawanyika miguuni mwake, na akaendelea kupiga mpaka ukuta ukawa sawasawa na kamba, hakuna hata tonge lililozidi. Kisha akatembea kandokando ya kamba hadi nyuma ya ploti, sisi sote tukimfuata, na kumnyooshea jirani sururu, mpini ukiwa mbele.

"Yangu nimebomoa, jaduong'," akasema. "Sasa yako."

Jirani alitazama watu, akamtazama chifu, akaushika ule mpini.