Siku Niliyomwita Mwanafunzi Wangu Mashine

Insha ilikuwa ya kurasa mbili na haikuwa na kosa hata moja. Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili mjini Babati zaidi ya miaka ishirini, na sikukumbuka kupokea kazi ya kidato cha tatu iliyonyooka namna ile. Watoto wetu wengi nyumbani wanazungumza lugha nyingine. Kiswahili wanakikuta shuleni, kama nilivyokikuta mimi. Wanakosea ngeli, wanaruka nukta, wanaandika "nilikua" badala ya "nilikuwa". Binti aliyeiandika hii hakukosea popote. Nikachukua kalamu nyekundu, nikampa sifuri, na chini yake nikaandika: "Hii si kazi yako."

Mwaka huo ofisini kwetu walimu walikuwa hawaachi kuzungumzia programu za kwenye simu zinazoandika chochote unachoziagiza. Nilikuwa nimeapa kwamba mimi hazitanidanganya.

Baada ya kipindi binti alinifuata mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, insha ni yangu."

"Ulitumia simu ya nani?"

"Hatuna simu ya namna hiyo nyumbani. Niliandika mwenyewe."

Hakulia. Angelia, labda ningemwamini. Alisimama wima na daftari kifuani, akinitazama, nami nikauona ule utulivu kuwa ni ujeuri. Nikampeleka kwa mkuu wa shule. Kwetu kutumia simu kwa kazi ya darasani ni kosa la kusimamishwa masomo, na mkuu akaagiza mzazi aje.

Alikuja mama yake, kwa miguu kutoka kijiji cha Mutuka. Ukoo wao ni wafugaji wa nyanda za Hanang, lakini wao walikuwa wamehamia huku na kuanza kulima mbaazi. Kiswahili chake kilikuwa kizito, akilitafuta kila neno.

"Mimi sijui kusoma," alimwambia mkuu. "Lakini huyu anaandika mbele yangu. Anaweka daftari juu ya debe la mahindi, anaandika. Mimi naona."

Mkuu alinigeukia. Nikasema sina shaka. Mwalimu wetu wa kompyuta, kijana wa mwaka wa kwanza kazini, alikuwa amekaa pembeni. Akaomba ruhusa ya kusema.

"Madam, uandike maswali matatu. Binti ayajibu hapa mbele ya mkuu, na mimi niiulize mashine yaleyale. Nitachapa majibu yote kwa herufi za aina moja, nikuletee karatasi mbili. Ukiitambua ya mashine, basi jicho lako ni la kuaminika. Ukishindwa, utamhukumuje?"

Nilikubali haraka kuliko ilivyofaa. Mkuu naye akakubali, akasema uamuzi wake utafuata matokeo.

Nilikwenda kukaa katika ofisi ya walimu. Mama wa binti akaletwa kusubiri nami humo humo, akakaa kwenye kiti cha mbele yangu, mikono mapajani. Niliandika swali la kwanza: eleza njia yako ya kutoka nyumbani hadi shuleni. La pili: kama una mdogo wako, mweleze maana ya kusamehe. La tatu nililifikiria kwa muda mrefu. Nilitaka swali ambalo kitu kisicho na moyo kingejikwaa. Nikaandika: siku uliyofiwa na mtu unayempenda, ulifanya nini?

Kijana alichukua maswali, akaondoka. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Nilijaribu kusahihisha madaftari, nikajikuta nasoma mstari mmoja mara tatu. Mama hakuniondolea macho. Nilimuuliza kama angependa chai, akatikisa kichwa. Makwapa yangu yalikuwa yamelowa, na asubuhi hiyo Babati ilikuwa na baridi ya kuvaa sweta.

Baada ya karibu saa nzima mlango ukafunguliwa. Kijana akaweka karatasi mbili mezani, moja ina herufi A, nyingine B. Mkuu akaingia nyuma yake pamoja na binti.

Karatasi A ilieleza njia vizuri: ukungu juu ya mlima Kwaraa, mashamba ya mbaazi, mbwa wa jirani "ambaye nilikua namuogopa sana". Nilipoliona kosa hilo moyo ulitulia kidogo. Kuhusu msiba, iliandika juu ya machozi yaliyolowesha kanga, usiku usio na usingizi, sauti ya baba aliyefariki ikisikika bado uani. Niliurudia mstari huo mara mbili.

Karatasi B ilisema: "Natembea saa moja na dakika kumi. Wakati wa masika nabeba viatu mkononi." Kuhusu msiba iliandika: "Siku baba alipofariki nilichota maji mara saba, kwa sababu wageni walikuwa wengi. Mara ya saba mama alisema yanatosha." Hakuna zaidi.

Nilizisoma tena zote mbili. Nilitaka kusema nahitaji muda, lakini nilikuwa nimesema sina shaka, tena mbele ya mzazi.

"B ni mashine," nikasema. "Haina hisia. Inahesabu tu."

Kijana alimtazama mkuu, kisha akaangalia chini, na hapo nilijua.

"B ni ya binti, madam. Mashine niliiambia iandike kama msichana wa miaka kumi na sita wa Mutuka. Makosa iliyatia yenyewe."

Mama aliuliza kilichosemwa, na binti akamweleza kwa lugha yao, taratibu. Mama akainyooshea kidole karatasi A.

"Hii mashine imelia baba?"

"Ndiyo, mama," kijana akasema.

"Baba gani?"

Mimi nilikuwa natazama meza. Mtoto yule alikuwa darasani kwangu mwaka wa tatu, na sikujua kwamba hana baba.

Nilisimama. Nilimwomba mama radhi kwanza, kisha nikamgeukia binti nikamwambia nilikosea, na kwamba insha ni yake. Mama aliitikia kwa kichwa. Binti akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, nikiandika vizuri tena, itakuwaje?"

"Nitakupa alama zako."

Nikamuuliza alijifunzia wapi Kiswahili kile. Akasema kwa kusoma kamusi ya maktaba yetu, ukurasa kwa ukurasa, na kwa kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio. Nilijua hali hiyo. Mimi pia nilianza hivyo, nikiogopa kuchekwa, nikipima kila neno kabla ya kulitoa.

Siwezi kusema tulipatana siku ile. Kwa muhula mzima aliniamkia kwa heshima zote na kukaa dawati la mwisho. Insha zake zikawa fupi, na nilifahamu kwamba ananiepuka. Nilianza kuwapa wanafunzi kazi za kuandika humo humo darasani, nikipita kati ya madawati na kumuuliza kila mmoja anataka kusema nini. Nilikuwa nimechelewa sana kuwauliza. Mwalimu wa kompyuta alipotaka kurudia jaribio lile kwa walimu wengine, nilimwambia afanye, ila asinialike.

Kidato cha nne binti alifaulu, na Kiswahili kilikuwa somo lake bora. Alikuja kuchukua matokeo yake akiwa na mama. Tulisalimiana uwanjani, tukazungumza kuhusu mvua na bei ya mbaazi. Mama alinishika mkono muda mrefu. Binti alikuwa amesimama kando, na walipoanza kuondoka aligeuka akaniaga kwa lugha ya kwao, si kwa Kiswahili. Nami nilijibu kwa maneno machache ninayoyajua, nikayakosea, akacheka.