Nusu ya Kamba ya Jirani

Wiki iliyopita nilinunua vibanio vya nguo pale soko la Naif, vya mbao. Mama alivigeuzageuza kiganjani. "Kama vya yule bibi wa Uholanzi," akasema. "Maskini, kamba ndefu, nguo mbili."

Nikamwacha aamini hivyo. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipopata kazi ya kupasua samaki kiwandani, katika mji mdogo wa wavuvi ambao zamani ulikuwa kisiwa. Bahari yao ilizibwa kwa ukuta kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Maji yakapoteza chumvi, samaki wa zamani wakatoweka, wakabaki mikunga, wale wembamba kama nyoka. Mji mzima ulinukia mikunga waliobanikwa kwa moshi. Wanawake wote walifua Jumatatu, na kwa kutazama kamba tu ulijua mume wa nani karudi: masweta mazito ya buluu yalikuwa yakichuruzika maji.

Kamba ya jirani yetu, bibi huyo, haikuwa na sweta. Ilifungwa ndefu, itoshe nguo za mume na wana wanne. Mume alizama, wana wakahama.

Jumapili moja ya jua mama alianika kanga zake uani. Waliotoka kanisani wakageuza shingo. Wenzangu wa shule wakacheka: "Kwenu mnavaa mapazia?" Jirani akaja uani, akasema nami, maana mama hakujua Kiholanzi.

"Mwambie mama yako leo hatuaniki, hata upepo uko kanisani. Kesho azilete hizo nguo nzuri. Nusu ya kamba yangu ni yake."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Wenzangu walikuwa bado wananitazama.

"Anasema tuzitoe."

Mama akazianua. Tangu siku ile alianika chumbani, juu ya hita, madirisha yakitoka jasho. Hakupata shoga hata mmoja mji ule. Na kila Jumatatu, kwa miaka mitatu, jirani alibana nguo zake upande mmoja, upande wa pili ukabaki mtupu mpaka jioni. Mama alichungulia dirishani akimwonea huruma. Mimi nikijua.

Nasikia nyumba ile sasa hupangishwa watalii, na ua umewekwa zege.

Juzi nilimwambia mama yote. Akaviweka vibanio mapajani.

"Kumbe akiningoja mimi," akasema. Kisha akauliza yule bibi akiitwa nani.

Sikuwahi kumuuliza.