Jiko la Mama Halilali Ndani

Mama yangu, Zuleha, huchoma samaki Ujiji, njia ya kushukia ziwani, na ukifika pale usiulize bei kabla hujaamkia. Atakutazama, atageuza mgebuka wake taratibu, kisha atakwambia samaki hawauzwi kwa watu waliosahau shikamoo nyumbani. Wateja wamemzoea. Wapo wanaokuja kwa makusudi ili wasemwe, kwa sababu mdomo wake ni mkali lakini mkono wake wa chumvi hauna mpinzani mtaani kwetu.

Jiko lake ni nusu pipa lililolazwa juu ya miguu ya nondo, lenye matundu chini na wavu unaonyanyuka. Nusu ya pili ya pipa ndiyo mfuniko. Alipolinunua lilikuwa bado linanuka mafuta ya mashine, na kabla ya kuweka samaki hata mmoja aliliwashia moto mtupu mara kadhaa, akalisugua kwa mchanga wa ziwani mpaka pua yake ikaridhika. Pua ya mama si rahisi kuridhika. Hadi leo huupaka wavu mawese kwa kipande cha kitunguu kabla ya kazi, na mvua zikianza hulipaka jiko zima mawese lisishike kutu. Hamdani, mume wangu, humtania kwamba lile jiko linapakwa mafuta kuliko mimi.

Kabla ya kuwasha hutazama kwanza upepo wa ziwani unavuma wapi, akalisogeza mbali na turubai la banda. Kanga yake huifunga juu, ncha zote ndani, kwa sababu anasema kanga inayoning'inia ni utambi. Huwashia makapi ya chikichi yaliyokauka, yale yanayobaki baada ya kukamua mawese. Ukimletea mafuta ya taa atakuuliza kama samaki alikuwa anakunywa mafuta ya taa huko ziwani hata yeye aje amnyweshe. Mafuta ya samaki yakidondoka na moto ukaruka, hamwagi maji. Humsogeza samaki pembeni, hushusha mfuniko kidogo, husubiri. Na jioni akimaliza hufunika, huziba matundu kwa udongo, na majivu hayagusi mpaka kesho yake. Majivu, husema, ni wanafiki, juu weupe ndani wekundu.

Mimi Kuruthumu ndiye binti yake wa pekee, na samaki wangu huungua upande mmoja na kubaki wabichi upande wa pili. Shangazi zangu husema moto umezaa majivu, tena husema nikiwepo. Sikasiriki sana. Kuna watu wa kuchoma na watu wa kula, na mimi najijua.

Sasa kuna jambo moja ambalo mtaa mzima unalijua kuhusu mama. Jioni majirani huja na vipande vya bati kuomba kaa la moto, na hamnyimi mtu. Ila hukushika mkono ukiwa hewani na kukuuliza, "Linalala wapi?" Lazima ujibu, "Nje, Bi Zuleha." Usipojibu, kaa linarudi jikoni. Watoto wa mtaani wameufanya mchezo, wanaulizana linalala wapi na kucheka. Mama hacheki.

Haya yalianza nilipokuwa darasa la tano. Mvua ilimkuta katikati ya kazi, akalibeba jiko pamoja na jirani mmoja wakaliingiza katika jiko la uani, chumba kile kidogo cha kupikia walimolala kuku wake. Makaa yalikuwa yametulia, hayana hata moshi, akaona hakuna neno. Akafunga mlango ili mvua isiingie. Asubuhi kuku wote walikuwa wamelala chini, hakuna damu, hakuna jeraha, hakuna unyoya uliong'oka. Majirani walijaa uani, wakaanza kutaja majina ya watu waliomwonea kijicho. Mama aliwasikiliza, kisha akasema, "Mchawi ni mimi. Moshi unakufukuza wenyewe. Kinachoua ni kaa lililotulia." Akawachimbia shimo wote, akakataza hata mmoja asiliwe.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana, nilikuja kwa mama kumalizia arobaini. Mama alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka. Alinipa chumba chake, yeye akahamia cha mbele, na akamtangazia kila mteja kwamba mjukuu wake ana vidole virefu, ingawa mimi niliviona vya kawaida tu. Nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilikula, nililala, nilisikia mama akigombana na wateja nje, nikalala tena.

Siku ya nne akaja mama mkwe wangu, Mama Hamdani, kutoka Gungu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Alishuka kwenye bodaboda na jiko dogo la udongo mkononi na mfuko wa mkaa ukiwa umefungwa nyuma ya pikipiki, amejifunika nailoni kuanzia kichwani.

"Mwakeye!" akatusalimia Kiha, maana yeye ni mzaliwa wa Kagunga, kule karibu na mpaka. Akambusu mtoto, akagusa miguu yangu, akashtuka. "Mbona mzazi ana baridi hivi? Anakaa bila moto?"

Hakungoja jibu. Katika desturi yake mzazi huoteshwa moto chumbani, mlango umefungwa, mpaka mwili ukaze. Nilimwona akilifunga dirisha na kuuziba mwanya wa chini ya mlango kwa kitambaa. Jiko lile likawashwa barazani, mkaa ukashika ukawa mwekundu, akaliingiza na kuliweka chini ya kitanda changu, kwa upole na upendo mwingi. Nasema upendo kwa sababu ndio nilioona. Joto likapanda, na kusema kweli lilikuwa zuri, nikaanza kusinzia.

Mama alirudi kutoka bandani akavuta harufu mlangoni. Hakusalimia. Yeye, mama yangu wa shikamoo, aliingia bila kusalimia, akalivuta lile jiko dogo kwa kanga aliyoiviringisha mkononi, akalitoa mpaka barazani, akarudi kulifungua dirisha.

"Mkwe," akasema, bado anahema, "nisamehe. Humu ndani kaa halilali."

"Mimi nimeoteshwa hivyo uzazi wangu wote."

"Kuku wangu walikufa wote kwa kaa lililotulia."

Mama Hamdani akasimama wima. "Mjukuu wangu si kuku."

Kisha mama mkwe akasema neno ambalo lilimtoa mama rangi. Akasema hana ugomvi na mtu, ila kesho Hamdani angekuja na bajaji, na mzazi na mtoto wangehamia Gungu, ambako kuna nyumba, na moto, na watu wanaojua kulea.

Hamdani alipopigiwa simu alikubaliana na mama yake. Mama yangu alipoichukua simu, alikubaliana naye pia. Ndivyo alivyo mume wangu, nampenda, lakini ukitaka uamuzi usimwulize yeye.

Mama alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwona akimtazama mtoto, na mikono yake isiyotulia ikiwa imetulia. "Akikuchukua," akaniambia kwa sauti ya chini, "dirisha litafungwa na mimi sitakuwepo." Aliogopa. Sikuwahi kumwona mama akiogopa kitu kilichotoka jikoni, na ilinitia hofu kuliko maneno yenyewe. Alikuwa hawezi kumfukuza mkwe, wala hawezi kumwachia. Kisha akaguna. "Heri nusu shari," akasema, akaondoka.

Asubuhi mvua ilikuwa imepumzika. Nilisikia wavu ukiparuzwa saa ambazo hauparuzwi, kwa maana samaki wa mama huanza mchana. Alikuwa amewasha jiko kubwa pale uani, mahali pa wazi, na juu ya wavu hapakuwa na samaki hata mmoja. Palikuwa na sufuria la maji ya kunikanda, na juu ya mfuniko alikuwa amepanga vitenge na mashuka ya mtoto, anavigeuza kimoja kimoja kwa uangalifu ule ule wa migebuka. Pembeni alipasha mawe laini ya ziwani aliyoyaokota mwenyewe, ya kuviringishwa kwenye taulo na kuwekwa miguuni mwangu.

Akamwita Mama Hamdani. "Mkwe, wewe ndiye unajua kukanda. Joto lote unalotaka hili hapa. Joto liingie, kaa libaki nje."

Mama Hamdani alikuja na uso wa mtu aliyekwishafunga mizigo. Akagusa kitenge, akagusa jiwe, akatia kidole kwenye maji akakitoa haraka. Alitafuta kosa, nilimwona anatafuta. Kisha akakunja mikono ya gauni lake akaanza kunikanda, na jamani, mkono wa yule mama! Nililia, nikapiga kelele, nikamwomba aache, nikamwomba asiache. Jasho lilinitoka. Hamdani alipofika na bajaji yake alikuta wazazi wake wawili wa kike wanapokezana vitenge mlangoni, mmoja anapasha, mwingine ananiviringisha. Akapewa chai, akamrudisha mwenye bajaji.

Mama Hamdani akabaki. Walikuwa wakibishana kuhusu uji wangu, pilipili manga nyingi au kidogo, na kuhusu vidole vya mtoto ni vya ukoo gani. Ila niligundua kuwa kila mama mkwe alipoona mama ana nafasi, alikuwa akimrudisha kwenye wale kuku.

Alasiri moja mvua ilikuwa imerudi. Mama alikuwa amekwishafunika jiko, na wote wawili walikuwa chumbani kwangu, wanakunja mashuka. Dirisha alikuwa amelirudishia mama mkwe mwenyewe, kwa mazoea tu.

"Wale kuku," akasema, "walikuwa wamevimba?"

"Hapana."

"Hawakuwa na kidonda?"

"Hapana, mkwe. Walikuwa wamelala tu."

Mama Hamdani aliendelea kukunja shuka lile lile ambalo lilikwisha kukunjika. "Kabla ya Hamdani nilikuwa na mwingine," akasema. Mimi sikuwahi kulisikia hilo, na nina hakika Hamdani pia hajalisikia. "Kagunga, wakati wa mvua kama hizi. Mimi nilidhani ni kijicho cha watu. Niliamka kichwa kinaniuma, na yeye alikuwa amelala tu." Akamtazama mama. "Ni ule moto?"

Mama yangu hana kitu asichokijua kuhusu mkaa. Atakwambia kaa hili lilichomwa likiwa bichi, lile lilinyeshewa njiani, moto huu utaruka kabla haujaruka. Amewahi kumwambia mteja mkubwa mbele za watu kwamba hajui anachosema. Nilibana pumzi nikisubiri jibu lake, kwa maana nilimjua, na jibu nililijua.

"Sijui, mkwe," akasema mama. "Sikuwepo."

Ndiyo mara ya kwanza nimesikia neno hilo kinywani mwake kuhusu jiko. Akamchukua mtoto kutoka kifuani pangu, akamweka mikononi mwa Mama Hamdani, akamfunika kwa kitenge kilichokuwa bado na joto la mfuniko.

"Mlimtafutia joto," akamwambia. "Hamkumnyima kitu."

Mama Hamdani alikaa naye hapo muda mrefu, machozi yanamshuka bila sauti, na mama hakumwambia anyamaze. Kisha akainuka, mtoto mkono mmoja, akaenda dirishani. Akalifungua lote mpaka bawa likagonga ukuta. Harufu ya mvua na ya ziwa ikaingia, mtoto akapiga chafya, na nilisikia baridi mgongoni. Nikajivutia kitenge.