Majirani Watatu Hawajasikia Kitu

Dada yangu Hortense hamwamini mtu mpaka amuulize mara tatu. Alikuwa mwalimu mtaani Mudzipela, kisha akajifunza kazi ya kusikiliza watu waliovunjika moyo, na sasa ni mwaka wa sita anaingia na mfuko wake wa fishi, zile fomu za kuhoji wagonjwa, katika kambi moja ya waliokimbia vita vya Djugu, hapa pembeni ya Bunia. Kambini humwita mama mushauri. Mimi humwita polisi wa roho, naye hununa.

Mwezi wa pili alikuja kwake Micheline, mjane kijana mwenye binti anayenyonya. Hakuitwa, alikuja mwenyewe. Alisema kila alasiri anasikia vishindo viwili nyuma ya vilima, upande ule aliotoka, na baada ya hapo hali chakula wala hatoki, na mtoto anamfunga mgongoni hata akilala. Alitaka dawa.

Kwenye fishi kuna swali: je, anasikia vitu ambavyo wengine hawavisikii? Swali hilo mgonjwa hajibu peke yake. Lionel, mwanasaikolojia anayewaongoza washauri wa kambi, msomi na wala si mtu mbaya, aliwafundisha kwamba neno la mtu mmoja ni hadithi, la majirani watatu ni ushahidi. Basi Hortense akauliza majirani watatu. Mama Clarisse wa hema la kushoto hajasikia kitu. Fundi viatu wa mbele hajasikia kitu. Bibi wa nyuma alitikisa kichwa kabla swali halijaisha. Dada akatia alama ya ndiyo, na alama ile ilimpa usingizi mzuri, hakunificha. Hata mimi nilifurahi. Kama Micheline ni mgonjwa, basi nyuma ya vilima hakuna kitu, nasi tunaweza kuendelea kuuza na kupika.

Lionel akaandika barua. Jumatano Micheline angepelekwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, achomwe sindano za kumlaza. Wodi haipokei watoto, kwa hiyo binti angeachishwa ziwa na kuachwa kwa familia asiyoijua. Micheline alikubali yote bila kubisha, na hilo lilimsumbua dada kidogo, lakini barua ilikuwa imeshatiwa sahihi.

Jumanne alasiri Hortense alikwenda kumwonyesha namna ya kumzoesha mtoto uji. Walikuwa wamekaa mlangoni. Mama Clarisse alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, fundi viatu anagonga misumari. Kishindo kikaja, kikafuata cha pili, vizito, vya mbali. Dada naye akavisikia. Akamtazama Mama Clarisse: mchi ulikuwa umesimama juu, haushuki. Nyundo ya fundi nayo ilikuwa imesimama. Pumzi mbili, tatu. Kisha mchi ukashuka, nyundo ikagonga, na kambi nzima ikaendelea kama kawaida.

Akamwendea Mama Clarisse, akamuuliza kama amesikia. Mama Clarisse alijibu bila kuinua macho:

“Mimi sijasikia kitu, mama. Hapa hakuna mutu anasikia.”

Hapo ndipo dada yangu msomi akakumbuka jambo alilolijua tangu mwaka jana. Kijana mmoja wa kambi ile alipiga kelele kwamba amesikia risasi. Watu wakakimbia, mzee mmoja akakanyagwa akafa, na watu wenye bunduki wakaja kumchukua kijana wamuulize nani alimwambia. Hajarudi hadi leo. Hortense ndiye aliyemfariji mama yake. Micheline hakuwepo wakati huo, hakujua kwamba hapo masikio yamefungwa. Na dada alipita kwenye mahema hayohayo, kalamu mkononi, fishi pajani, akiuliza nani amesikia, kisha akaandika majibu kama ushahidi! Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini fishi haina nafasi ya kimya.

Akaenda ofisini akiwaka hasira. Lionel alimsikiliza, akauliza swali la haki: unajuaje kwamba hofu yake haijakuingia na wewe, ukasikia alichosikia? Dada akataja mchi na nyundo. Lionel akasema mchi si mtu wa kuhojiwa. Dada akamjibu kwamba mchi ndio pekee kambini ambao haujamwogopa mtu. Lionel akatazama dirishani, upande wa vilima, kisha akaipasua barua.

Alirudi mbio kambini na habari njema. Nami ningekimbia. Mama hatachukuliwa, mtoto hatalia kwa wageni. Alimkuta Micheline ameshafunga nguo zake kwenye kitenge, mtoto mgongoni, anasubiri kesho.

“Mama Micheline, weye hauko mugonjwa,” akamwambia, akishusha sauti. “Hata miye nilisikia. Siye wote tunasikia.”

Micheline hakushukuru. Alikaa chini polepole, akafungua kitenge cha mgongoni, akamleta mtoto kifuani na kumbana mpaka mtoto akalia.

“Nilikuwa naomba Mungu ikuwe ugonjwa,” akasema. “Ugonjwa iko na dawa. Hii ya nyuma ya kilima, mama, utanipatia dawa gani?”

Dada yangu, mwenye swali kwa kila mtu, alimsaidia kufungua mzigo wa nguo. Alikuja kwangu, mtaa wa Bigo, jioni ile, akakaa mlangoni akielekea vilima. Nilimuuliza tufanye nini. Aliniambia ninyamaze kwanza, asikilize.