Nyuma ya Kadi za Nicodemus

Mimi ndiye niliyempigia Pauline Gisiri taipu, kwa hiyo mtu asinisimulie habari za jarida lake kana kwamba nilizisikia sokoni. Nilikuwa karani katika shule moja ya upili pale Suna, yeye akitunza maktaba. Kati ya ofisi zetu palikuwa na ukuta mmoja wenye dirisha lisilofungika, na kila alichokitamani nilikisikia kupitia dirisha hilo.

Alichokitamani kilikuwa kidogo, nacho kilimtesa. Alitaka mtu wa kuongea naye kuhusu kazi. Si mume, wanaume walikuja wakaenda zao, maana aliwachosha kwa habari za mchwa na gundi. Alitaka mtu anayejua kwa nini kadi za katalogi hushikana wakati wa mvua, anayejua jinsi ya kuikinga disketi na vumbi, mtu wa kumwambia tu, "Hata kwangu ni hivyo hivyo." Sisi wengine tulimwona kama anayecheza na makaratasi. Shule ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha mezani kama mkate, na ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuifunua.

Watu wa aina hiyo aliwahi kukutana nao mara moja, Agosti 1994, kwenye semina ya wiki mbili Kisumu. Alirudi uso unang'aa. Hasa alinitajia Nicodemus Abuya, mtunza maktaba wa Homa Bay, mwanamume mnene, mpole, waliyebishana naye juu ya gundi ya unga wa muhogo: itiwe mrututu, ile chumvi ya buluu yenye sumu, ili wadudu wasiile, au isitiwe.

"Siku nzima, Mama Byron!" aliniambia. "Na hakuna aliyechoka!"

Mimi nilikuwa nimechoka kwa kusikiliza tu.

Januari iliyofuata akaja dirishani na kurasa kumi na mbili za mwandiko wake. Alikuwa ameamua kuanzisha jarida la watu wanaofanya kazi za ufundi maktabani, liitwe *Rafu*. Halingeuzwa wala halingekuwa na mkubwa. Mwenye jambo angeandika, mwenye mkono angenakili. Juu ya ukurasa wa kwanza aliniagiza nipige kwa herufi kubwa: SI MALI YA MTU. SOMA, NAKILI, PITISHA.

Nikakata stensili, tukazungusha mashine ya kunakili kwa mkono hadi mabega yakauma. Karatasi tulipewa na Abdikarim, mwenye duka la vifaa vya ofisi Migori mjini. Zilikuwa zimechafuka pembeni, lakini nani angelalamika? Lori lake lililopeleka bidhaa Homa Bay ndilo lililobeba kifurushi cha nakala ishirini hadi kwa Nicodemus. Yeye alikuwa ameahidi kuzigawa Rusinga, Asumbi, na kila penye rafu ya vitabu upande ule. Dereva akarudi na kijitabu chake, na ndani yake sahihi ya Nicodemus, nzuri, iliyolala upande mmoja.

Barua haikuja.

Tulitoa namba mbili, namba tatu, moja kila muhula. Kila mara dereva alirudi na sahihi ile ile, na kila mara Pauline aliitazama kwa muda mrefu, kwani hakuwa na kingine cha kutazama. Kurasa zote aliziandika yeye, akisema "sisi" kila mahali. Nilimtania siku moja, nikamuuliza hao sisi ni akina nani, mbona siwaoni. Hakucheka, na mpaka leo najuta.

Namba sita ilipotoka, Novemba 1996, aliniambia bila kunitazama kwamba isipojibiwa hata na mtu mmoja, ya saba haitakuwepo.

"Jarida la mtu mmoja si jarida, Mama Byron. Ni mtu anayejisemea."

Tulingoja mpaka shule ikafungwa. Abdikarim ndiye aliyekata shauri, tulipopita dukani kwake.

"Dada Pauline, mimi nauza karatasi, mambo ya vitabu sijui," alisema. "Lakini mzigo ukipokelewa halafu kimya, unaenda unauliza. Si uende tu umuone?"

Basi tukaenda Homa Bay, Pauline na mimi. Nicodemus alitupokea mlangoni mwa maktaba yake, na kwanza nilidhani ni mtu mwingine. Yule mnene niliyeelezwa alikuwa amekonda, shati linamning'inia, mkanda umetobolewa matundu mapya. Tulimwamkia, hatukumuuliza kitu. Miaka ile, upande wetu, wengi walikonda hivyo, na watu walikuwa wamezoea kutouliza.

"Karibuni, nyamera, karibuni," alisema, akimwita Pauline dada kwa Kijaluo. "Nimekungoja sana. Kuja uone."

Akatuongoza hadi kwenye kabati la kioo, akatoa ufunguo uliofungwa shingoni, akafungua. Ndani mlikuwa na *Rafu*. Nakala zote mia moja na ishirini, zimeshonwa, zimewekwa majalada magumu, kila moja ina nambari mgongoni. Na kila moja imepigwa muhuri: MAREJEO. HAITOKI NJE.

"Zote?" Pauline aliuliza.

"Zote. Hakuna hata moja imepotea." Alisema hivyo kwa fahari.

"Nicodemus, hizi nilituma zisomwe. Rusinga. Asumbi. Si niliandika pale juu, pitisha?"

"Nikipeana zitaharibika. Unajua watu na karatasi, nyamera. Wiki moja tu utazikuta sokoni kwa wauza samaki, zimefunga omena."

"Si zifunge! Angalau mwenye kununua omena atasoma!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti ndani ya maktaba. Kisha akakaa kwenye kiti cha wasomaji akalia, miaka miwili yote ikimtoka. Nilifungua mdomo nimpashe Nicodemus, na ulimi ninao, muulizeni mume wangu. Lakini alikuwa ameshatuacha, amesimama kwenye makasha ya katalogi, akivuta droo moja.

"Lakini nilikuwa najibu," alisema.

Kwa kila makala ya *Rafu* alikuwa ametengeneza kadi, kama inavyofanyiwa kitabu cha maana: jina la makala, jina la mwandishi, nambari. Pauline alizitazama bila kuelewa.

"Angalia nyuma," akamwambia.

Nyuma kulikuwa na mwandiko ule wa sahihi, uliolala upande mmoja. *Mrututu: nimejaribu. Kijiko kimoja kinatosha, viwili vinageuza karatasi buluu. Umenishinda.* Kadi nyingine: *Disketi: mimi naziweka kwenye mkebe wa majani chai pamoja na mchele mkavu. Jaribu.* Nyingine: *Hapa umekosea. Tuongee.* Na nyingine: *Mvua tangu asubuhi, hakuna mtu amekuja. Nimesoma ukurasa huu mara nne.*

Kadi arobaini na tatu. Miaka miwili ya majibu, yamepangwa kwa alfabeti.

"Na kwa nini hukuzituma?" niliuliza mimi, maana Pauline alikuwa bado anageuza kadi.

Alishangaa. Alisema kwamba neno juu ya maandishi hukaa mahali maandishi yanapotafutwa. Atakayeitafuta makala atakuta na jibu lake hapo hapo. Kisha akamgeukia Pauline. "Nilijua siku moja utakuja kutafuta."

Ni mtu wa maktaba tu anayeweza kukosea namna hiyo. Pauline alimwelewa kabla yangu. Niliona anafuta macho, na kicheko kinamponyoka.

Kadi za katalogi hupitishwa ufito mwembamba wa chuma kwa chini, ili mtu asichomoe hata moja. Nicodemus aliushika ufito ule, akaulegeza, akauvuta wote, akamkabidhi Pauline kadi zote arobaini na tatu. Halafu akaketi, akachukua wembe, akaanza kukata nyuzi za majalada yake mazuri, moja baada ya jingine.

"Nitazipeleka mwenyewe," alisema. "Rusinga nina shemeji."

Namba saba ilikuwa kadi hizo na majibu ya Pauline, basi. Alinikataza kurekebisha hata neno, pamoja na lile la "umekosea." Sahihi ya kuipokea ilikuja imepindapinda.

Kuanzia Aprili barua zikaanza kufika. Ya kwanza ilitoka Rusinga, kwa mtu aliyekuwa na ugomvi na panya. Ikafuata ya Asumbi. Kufikia Juni zilikuwa kumi na moja, na moja ilinukia omena, tukacheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Pauline alizibandika zote ukutani. Ya Nicodemus haikuwamo, lakini hakujali. "Yeye anaandika nyuma ya kadi," alisema. "Likizo ya Agosti nitaenda kuzisoma." Alikuwa amekwisha kununua kitambaa cha gauni la safari.

Tukatoa namba nane, nene kuliko zote. Dereva wa Abdikarim akaipeleka, akarudi na kijitabu chake. Pauline akakifungua kama kawaida, akatazama. Sahihi ilikuwa ya mtu mwingine, imesimama wima.

"Yule mzee wa maktaba tulikuta wameshamzika," dereva alisema. "Wiki tatu sasa. Pole, dada."

Hakulia mbele yetu. Alirudi maktabani, nami nikamwona kupitia dirisha. Alizibandua zile barua ukutani, zote kumi na moja, barua alizozingoja miaka miwili. Akakaa nazo mapajani, akazigeuza moja moja, akitazama nyuma ya kila moja.