Gari Lililonyanyuliwa Mkia

Wanaume wengine wakifika umri wa mume wangu hujenga nyumba ya pili au hutafuta mke wa pili, na angalau majirani hupata la kusema. Wangu alijenga gari la mbio. Alilijenga uani kwetu, hapa Dodoma, mahali nilipokuwa naanika karanga. Bodi ya fiberi iliagizwa kutoka nje, ikaja vipandevipande ndani ya makreti. Chesisi aliichomelea mwenyewe kwa kufuata michoro. Injini, usukani na ekseli vilitoka kwenye gari kuukuu la saluni, la Kijapani, lililokuwa limeshachoka na dunia. Viti viwili. Watoto tunao wanne. Nilipomkumbusha hesabu hiyo alinijibu kwamba watoto watakua.

Yeye ni mpima ardhi, mtumishi wa serikali, mtu wa milimita. Mimi nauza nafaka Majengo, mtu wa magunia. Kila Jumamosi alilala chali chini ya chuma chake akinong'ona namba, na mimi nilimpelekea chai huko huko chini, maana huwezi kumnyima chai mtu kwa sababu tu ameharibikiwa akili.

Sasa, gari la mbio linatakiwa liwe chini. Hata mimi nalijua hilo. Linalala karibu na lami ili lisipeperuke. Lakini hapa kwetu mtu akinunua gari, kabla hata mchungaji hajaliombea, linapelekwa gereji kunyanyuliwa. Fundi anaweka vipande vya spesa juu ya springi, gari linasimama kama linavuka mto, mwenyewe anafurahi kwamba sasa matuta na makorongo hayamwambii kitu. Basi na mume wangu, baada ya milimita zake zote, akalinyanyua la kwake. Tena alinyanyua nyuma peke yake! Aling'oa springi laini za saluni, akaweka ngumu za pikapu, na juu yake akabandika spesa nene. Gari likawa limeinua matako na kuinamisha uso kama mbuzi anayekunywa maji.

"Baba Watoto, hili linasujudu?" nilimuuliza.

"Barabara zetu," akajibu, akarudi chini.

Nieleze kidogo kuhusu mama yangu. Mama aliishi Kongwa. Waingereza walikuja kule zamani na matrekta yao kulima karanga, wakashindwa, wakafunga virago. Mama alikuwa na jembe na hakushindwa. Hatukuwahi kwenda kumsalimia tukaondoka bila gunia zima la karanga. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulikuwa na kigari kidogo, na gunia lilipopakiwa tumbo likagusa chini, bomba la moshi likang'oka kabla hatujafika njia panda ya Mbande. Tulilishusha gunia kwenye nyumba ya watu wasiotujua, tukarudi Dodoma bila karanga. Habari zilimfikia mama kabla sisi hatujafika nyumbani. Tangu hapo, kila tulipokwenda, alinituma kwa sauti ya kusikika na mume wangu aliyekaa hatua chache kutoka kwake: "Muulize mumeo kama gari lake leo lina mgongo." Yeye mwenyewe asingemwambia, mkwe ni mkwe. Na mkwe naye angetazama chini, akatabasamu na viatu vyake, asijibu kitu.

Mama alifariki mvua zilipokuwa zinaanza, gari likiwa bado halijapakwa rangi. Sitaki kusema mengi hapo. Nilimpenda na nilikuwa sijamaliza kubishana naye.

Safari ya kwanza ya gari ikawa ya kwenda Kongwa kuangalia nyumba ya marehemu. Mjini lilitembea vizuri, wapita njia wakapiga picha, na trafiki mmoja alituweka kando akalizunguka gari zima akiuliza ni la aina gani. Mume wangu akasema ni la kwake. Tukapita Ihumwa kwa adabu. Tulipoiacha Chamwino, lami ikanyooka mbele yetu, na bwana mkubwa akakanyaga mafuta.

Kwenye themanini lilikuwa gari. Kwenye mia na kumi likawa mlevi. Likaanza kwenda kushoto taratibu, kama limeona mtu wanayefahamiana. Akazungusha usukani kulirudisha, usukani ukabaki pale pale alipouzungusha, haurudi wenyewe katikati, gari likapitiliza kulia. Akaufuata tena. Mbele yetu lilikuwa linakuja lori la vitunguu, kubwa, limejaa, wala halikuwa na mzaha.

"Punguza! Baba Watoto, punguza, utaniua!"

Akapunguza. Lori likatupita kwa honi ndefu. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

"Linatafuta njia tu," akasema.

"Njia si hii hapa? Ya lami, ina mstari katikati! Linatafuta ipi nyingine?"

Tulifika. Nyumba ya mama ilikuwa imefagiwa na jirani, mlango umefungwa kwa kamba. Tulikaa kidogo tukaondoka mikono mitupu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Kurudi alienda taratibu mno. Bodaboda iliyobeba mbuzi ilitupita, na yule mbuzi alinitazama kwa huruma.

Kuanzia hapo uani kwetu pakawa bunge. Kila mwanaume wa mtaa alikuwa na dawa. Huyu: punguza upepo wa matairi. Yule: ongeza. Mwingine alisema ni shokapu, mwingine akasema ni bushi, na mzee mmoja ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli alisema ni jicho la watu. Mume wangu akawashukuru wote. Akafunga uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima kama magurudumu ya mbele yanatazama mbele sawasawa au yamepinda nje kama miguu ya bata. Yalikuwa sawa. Spesa za nyuma hakuzigusa.

Kisha ikaja harusi ya mdogo wake, Singida. Akatangaza kwamba atakwenda na gari lake, peke yake, na atawahi. Kuna mtu asiyeujua upepo wa kule ukishapita Manyoni? Unapiga ubavuni mchana kutwa. Nililiona akilini lile gari likitafuta njia yake mbele ya basi, na upepo unalisaidia kutafuta. Niliogopa, tena sana. Sikulala vizuri, na mtu asiyelala vizuri mdomo wake hauna breki.

Nikaficha ufunguo. Niliuzika dukani kwangu, ndani ya maharage ya njano, nikamwambia aende na basi kama binadamu wenzake.

"Nipe ufunguo, mke wangu," akasema aliponifuata dukani.

"Toa kwanza hivyo vidude vya nyuma. Mimi si fundi, lakini nina macho. Gari limeinama puani, litaonaje mbele?"

"Ni kweli," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa saa nzima. Ilibidi nikae juu ya gunia.

Akanieleza kwa upole, kama anavyowaeleza watu mipaka ya viwanja vyao. Gurudumu la mbele linatakiwa liegemee nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala. Kule kulala ndiko kunakofanya usukani ujirudie wenyewe katikati ukiuachia. Ukilinyanyua gari nyuma, linainama mbele, ule mlalo unaisha, na kwenye mwendo mkali hakuna kinachouita usukani urudi. Dereva anabaki kuliwinda gari.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Kabla ya lori."

"Mtume! Umejua, na ukawaacha wale wazee wanapuliza matairi wiki nzima? Na Singida unataka kwenda nalo hivyo hivyo? Toa basi! Kazi ya asubuhi moja hiyo!"

Alichota karanga kutoka kwenye debe langu, akazitazama, akazirudisha. Halafu akasema, akiyaambia viatu vyake kama zamani, "Nililipima likiwa na gunia."

"Gunia gani?"

"La mama. Springi zile nilizipima kwa uzito wa gunia lake. Likipakiwa, nyuma inashuka, gari linakaa sawa, milimita kwa milimita. Nilitaka siku moja aulize, nimjibu."

Miaka yote ile nilidhani hakuwa akimsikia. Kumbe mtu alikuwa amelala chini ya chuma Jumamosi baada ya Jumamosi akiandaa jibu, na mwenye swali akaondoka. Na kuzitoa zile spesa ilikuwa kukubali kwamba hakuna atakayepakia kitu tena.

Nililia pale pale dukani, mbele ya wateja, na mmoja wao akatumia nafasi hiyo kuomba apunguziwe bei. Sikumpunguzia.

Kisha nikauchimbua ufunguo. Nikamwita mpagazi, nikamwonyesha gunia zuri kuliko yote, karanga zilizobanguliwa, za Kongwa. Tulilipeleka nyumbani kwa bajaji. Mume wangu akataka lilazwe nyuma kabisa? Thubutu! Alilipima kwa futi, akalisogeza mpaka likabana nyuma ya viti, mbele kidogo ya ekseli, akisema uzito ukikaa mkiani mno mkia utataka kutangulia. Gari likashuka matako taratibu, pua ikainuka. Kwa mara ya kwanza lilikaa kama kwenye picha za makreti.

"Kiti cha pili ni changu," nilimwambia. "Kama ni kufa, nife nikikugombeza."

Tulipoipita Manyoni upepo ulikuwa unatusubiri. Ukapiga ubavuni, nikashika mlango kwa mikono miwili, nikaanza kutubu. Gari liliyumba kidogo. Halafu niliuona usukani ukirudi wenyewe katikati, polepole, na mikono yake imetulia juu yake. Ukapiga tena, ukarudi tena. Akaongeza mwendo. Mia. Mia na kumi, pale pale palipokuwa pa kifo. Liliishika barabara moja kwa moja, wala halikutafuta kitu.

Niligeuka nyuma, nikaweka kiganja juu ya gunia, nikasema kwa sauti ya kusikika na mkwe aliyekaa kando yangu: "Mama, lina mgongo."

Mume wangu alikwenda kipande kidogo, akawasha taa ya pembeni, akaegesha nje ya lami, kwa sababu alikuwa haioni tena barabara.