Usiku wa Ijumaa

Kabla ya kuajiriwa katika kiwanda cha sabuni cha Changamwe, miaka ile ya vita, sikujua kwamba karatasi moja inaweza kubeba kiwanda kizima. Nilikuwa karani, kijana wa Kikristo kutoka milima ya Taita, mgeni wa pwani na mjuaji kupita kiasi. Mwajiri wetu alinifundisha kuandika upande mmoja gharama zote za mwezi, yaani mafuta ya nazi, magadi ya soda, kuni na mishahara, na upande wa pili sabuni iliyotoka na bei yake. Nilipopiga mstari wa mwisho na kuona faida imejitokeza yenyewe, mwili ulinisisimka. Nilijiona nimefunuliwa jambo kubwa.

Basi mwezi mmoja ikatoka hasara ya kutisha. Mafuta mengi yametoka ghalani, sabuni yake haionekani. Mwajiri aliipitia upya hesabu ile, kisha akasema nyapara wa zamu ya usiku anaiba mafuta yetu na kuyauza, na Jumatatu atamfukuza. Nyapara huyo alikuwa mtu mzima wa Mtongwe, aliyenifundisha kula mkate wa sinia na kuitikia salamu sawasawa. Sikutaka kuamini, lakini hesabu ilikuwa ya mkono wangu, na hesabu zangu nilikuwa karibu kuziabudu.

Yeye hakuambiwa kitu. Wiki ileile alinialika arusi ya bintiye: karamu ni usiku wa Ijumaa, nisikose. Ijumaa jioni nikavaa koti, nikavuka kwenda Mtongwe na zawadi kwapani, roho nzito. Nikakuta wanawake wanasugua masufuria na mabusati yameanikwa. Hapakuwa na mgeni hata mmoja.

"Shikamoo, mzee. Nimekosea nyumba?"

"Marahaba, mwanangu. Nyumba hukukosea, umekosea siku. Twalikungoja jana hata pilau ikapoa."

Nikamwambia jana ilikuwa Alhamisi. Akanijibu kwa upole kwamba jua lilipotua Alhamisi ilikwisha, na usiku uliofuata ulikuwa wa Ijumaa.

Nikakaa mkekani na koti langu. Kila Jumamosi mzee huyu ndiye aliyenisomea kazi za usiku za wiki nzima, nami nikiandika anavyotamka. Mwezi ule wa hasara ulikuwa umeishia Alhamisi, na usiku wake ndio tuliopika sabuni nyingi kuliko siku zote, oda ya jeshi. Mtunza ghala, Mkristo mwenzangu, aliandika mafuta yametoka Alhamisi. Mzee alinisomea sabuni ya usiku wa Ijumaa, nami nikaiweka Ijumaa, tarehe mosi, mwezi mpya. Mafuta yakabaki huku, sabuni ikaenda kule. Hakuna aliyeiba wala aliyesema uongo. Nilistaajabu hata chai niliyoletewa nikaisahau.

Jumatatu alfajiri nilikuwa mlangoni kwa mwajiri na hesabu mpya. Faida ilikuwepo, tena nzuri. Aliisoma, akaichana barua ya kumfukuza mzee, akanituma nikamfahamishe namna kampuni inavyohesabu siku.

Nilimweleza kwamba vitabuni siku huanza saa sita ya usiku, na kwamba nusura apoteze kazi kwa tofauti hiyo.

"Saa sita ya usiku," akasema, "watu wamelala, nasi wa zamu macho yetu yako kwenye sabuni. Basi hiyo siku yenu, ni nani aionaye ikiingia?"